Bahari Sebuleni: Namna Tulivyochagua Tangi Lenye Ngama



Ndugu wasomaji, wapo miongoni mwenu waliofika kwetu Sulimaniyah, hapa Riyadh, wakakaa sebuleni, wakanywa kahawa, na kabla ya kuulizana habari za nyumbani wakauliza habari za lile tangi la samaki. Wengine wameuliza kwa kutaka kujua. Wengine, twafahamu, wameuliza kwa kustaajabu jinsi watu wazima wenye watoto wa kusomesha wanavyoweza kuzitia fedha ndani ya maji. Tumeona bora tujibu mara moja kwa maandishi, tusije tukawa twasimulia kisa kile kile kila Ijumaa.

Sisi ni watu wa Wasini, kisiwa kidogo kilicho mkabala wa Shimoni, kusini ya pwani ya Kenya. Aliyezaliwa huko hana haja ya kuelezwa bahari. Huiona akiamka na huisikia akilala. Watoto wetu wamezaliwa Riyadh, mji ulio juu ya nchi kavu kiasi cha mita 600 kutoka usawa wa bahari, na maji ya chumvi yaliyo karibu nao ni yale ya Ghuba, safari ya kilomita 400 hivi. Kitinda mimba wetu alipokuwa na miaka saba alizungumza na babu yake katika simu, na katika mazungumzo akamuuliza, "Babu, bahari yenu hufungwa saa ngapi?" Babu alicheka mpaka akakohoa. Sisi hatukucheka sana.

Na ajabu ya mji huu ni kwamba bahari imo ndani yake, ila imenyang'anywa chumvi. Maji tuogayo na tutawadhiayo hutoka Ghuba kwa sehemu kubwa. Hutolewa chumvi katika mitambo ya Jubail na Ras al-Khair, kisha husukumwa ndani ya mabomba kwa zaidi ya kilomita 400 hadi huku juu. Ile barabara kubwa ya maduka ipitayo mtaani kwetu watu huiita Tahlia, na maana ya neno hilo ni kuyafanya maji kuwa matamu. Sisi tukafanya kinyume: tukanunua chumvi kwa ndoo ili tuirudishe mahali ilipotolewa. Jirani yetu wa Kisudani aliposikia habari hiyo alishika ukuta kwa kicheko.

Lakini hilo mlionalo sebuleni ni tangi la pili, na ya pili hayafahamiki bila ya kusimulia ya kwanza.

Tangi la kwanza tulilinunua mwaka 2018. Lilikuwa la lita 100, lenye chujio dogo la kuning'iniza nyuma, na tulilichagua kwa macho, kama mtu achaguavyo pazia. Tulitia samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye milia miyeupe, wale ambao watoto wa dunia nzima wawajua kwa sababu ya sinema, na kangaja mmoja mchanga, ambaye leo twajua hakustahili kabisa kuwekwa mahali padogo vile. Kiangazi cha mwaka 2019 tulisafiri kwenda nyumbani kwa wiki tatu. Ufunguo tulimwachia ndugu yetu mmoja, mtu wa Lamu, mwaminifu, aliyekubali kupita kila siku ya pili kuwalisha. Usiku mmoja swichi kuu ya nyumba ikaruka. Kiyoyozi kikazimika na pampu ikazimika, na huo ulikuwa mwezi wa Julai. Alipofungua mlango maji yalikuwa na uvuguvugu wa chai iliyosahauliwa, na harufu ilikuwa imekwisha kumjulisha.

Alitupigia simu siku ile ile. Hakuwa na kosa, na tulimwambia hivyo. Kosa letu lilikuwa jingine. Binti yetu, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa na desturi ya kutuuliza kila jioni, "Samaki hawajambo?" Nasi siku nne za mwisho za safari, ili tusimharibie furaha ya kuwa kwa babu yake, tulimjibu kila jioni kwamba hawajambo. Tuliporudi aliingia ndani mbio na viatu vyake miguuni. Hakulia. Alisimama mbele ya kioo kikavu, akageuka, akauliza, "Mliniambia hawajambo?"

Tangi likapelekwa juu ya paa, likatiwa udongo, likapandwa vitunguu. Zaidi ya miaka mitatu neno samaki katika nyumba yetu lilikuwa na maana ya chakula tu.

Katika muda huo tuliwauliza wenye elimu kama yafaa kumfungia kiumbe ndani ya kioo kwa ajili ya kumtazama. Walitukumbusha habari ya Abu Umayr, yule mtoto mdogo nduguye Anas, aliyekuwa na ndege wake wa kuchezea, na jinsi Mtume (S.A.W.) alivyokuwa akimtania kwa ajili ya ndege huyo, wanazuoni wameichukua kuwa ni ruhusa, maadamu mnyama halishwi dhuluma. Walitukumbusha pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila ya kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Ruhusa tuliipokea. Ila ile habari ya pili ndiyo iliyotukaa moyoni.

Mwezi wa Rajabu 1444, yaani mwanzoni mwa mwaka 2023, Babu alikuja kwa Umra. Alipomaliza ibada zake alikaa siku chache kwa mpwa wetu Jeddah, ambaye naye, kwa mambo ya Mwenyezi Mungu, anakaa mtaa uitwao Sulimaniyah, karibu na Chuo Kikuu cha Mfalme Abdulaziz. Mpwa wetu alimpeleka Corniche, kwenye nyumba ya samaki ya Fakieh, iliyofunguliwa mwaka 2013. Babu alisimama mbele ya vioo vile virefu na kuwasalimu mmoja mmoja: huyu kitatange, huyu pono, yule bunju, na yule pale, akasema kwa sauti iliyowageuza watu, "yule twamla kwa nazi." Alipopanda Riyadh alikuwa bado na hamu ya kuzungumza habari hiyo. Binti yetu, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na miwili, alikaa karibu naye na daftari, akaandika majina yote. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 2019 kumsikia akitaja samaki kwa hiari yake.

Mmoja wetu akaona fursa, akasema labda tungejaribu tena. Mwenzake akanyamaza. Binti akasema, "Umeme ukikatika je?" na akaendelea kuandika.

Kwa swali hilo ndipo tulipoanza kutafuta tangi, na hatukuwa na swali jingine kubwa kuliko hilo. Tulisoma, tukauliza madukani, tukaelewa kwamba wafugaji wengi wa samaki wa maji chumvi hawatumii tangi moja bali mawili, moja juu na jingine chini. Tukamchorea Babu nyuma ya bili ya umeme. Katika kona ya tangi la juu hujengwa kisanduku cha kioo chenye meno kama ya kitana. Maji yakipanda hadi kwenye meno humwagikia ndani ya kisanduku hicho, yakashuka kwa bomba hadi tangi la pili lililofichwa ndani ya kabati. Huko hupita kwanza katika soksi inayonasa taka. Kisha hupita penye chombo kiitwacho skima, kipigacho povu jembamba ambalo hubeba mafuta na uchafu usioonekana na kuutupa katika kikombe. Mkikiona kikombe hicho kwa siku tatu tu, mtaelewa samaki wetu wa kwanza walikuwa wakiogelea ndani ya nini. Mwisho huingia chumba cha pampu, na pampu huyarudisha juu. Tangi hilo la chini wauzaji huliita sampu.

"Hiyo ni ngama," akasema Babu.

Tukamtaka aeleze, ingawa tulilijua neno. Akasema kila chombo kina ngama yake, mahali pa chini kabisa ambapo maji yote hushuka, ya mvua, ya wimbi na ya kuvuja, na hapo ndipo mtu hukaa akafua. Aliutazama tena mchoro wetu. "Na huyu mfuaji wenu," akasema akiigusa pampu kwa kidole, "akilala?"

Lilikuwa swali lile lile la mjukuu wake.

Tangu siku hiyo nyumbani kwetu hakuna sampu, kuna ngama. Faida zake ni nyingi na hatutazitaja zote. Maji huwa mengi zaidi, na maji mengi huchelewa kupata joto na huchelewa kuharibika. Mitambo yote hukaa chini, haionekani. Tena maji ya juu ya tangi hayashuki kimo hata siku moja, kwani upungufu wote huonekana katika chumba cha pampu. Upungufu huo katika ukavu wa Riyadh si mdogo: kwetu ni kiasi cha lita tano kwa siku. Kinachopanda hewani ni maji matupu, chumvi hubaki, kwa hiyo hujazia maji matamu wala si ya chumvi. Mwenye kupika atafahamu bila ya kusomeshwa. Chungu cha mchuzi kikisahauliwa jikoni hukolea chumvi ilhali hakuna aliyeongeza.

Lakini mfuaji akilala, hesabu ni nyingine. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kumwagika mpaka yafike chini ya meno, na yote hayo lazima yapate nafasi kabatini. Zaidi ya hayo, bomba la kurudishia, ikiwa mdomo wake umezama, huvuta maji kurudi nyuma kama mpira wa kunyonyea petroli, na haliachi kuvuta mpaka mdomo upate hewa. Duka la kwanza tuliloingia, hapa hapa Riyadh, lilikuwa na tangi la kupendeza mno, urefu sentimita 120, upana 50, kimo 50, lenye taa za buluu. Tulimwomba muuzaji azime pampu. Akasema hapa umeme haukatiki. Tukamwomba tena kwa adabu. Akazima, akakunja mikono. Mdomo wa bomba la kurudishia ulikuwa umezama sentimita 8. Zidisheni wenyewe: 120 kwa 50 kwa 8 ni lita 48, na ngama yake ilikuwa na nafasi ya lita 25 kwa makisio mema. Tulimsaidia kukunja zulia. Alitueleza kwamba ipo vali ya kuzuia maji yasirudi, nasi twawaambieni kama tulivyokuja kuambiwa na waliotutangulia: vali hiyo hushikwa na chumvi na konokono wadogo, na siku ya haja haifungi. Dawa ni kuuweka mdomo karibu na uso wa maji, kutoboa tundu dogo juu yake ili liingize hewa mapema, na kuwa na ngama kubwa.

Tuliangalia pia matangi yenye vyumba vya kuchujia vilivyojengwa ukutani nyuma, bila ya kabati wala mabomba. Hayo hayamwagi ovyo, na kwa nyumba ndogo si mabaya. Ila vyumba vyake ni vyembamba, mkono wa mtu mzima hauingii bila ya kuchubuka, na maji ni kidogo. Tuliyaacha.

Kisha tukaona tangazo la mtu auzaye tangi lililokwisha kutumika, na mahali ameandika Sulimaniyah. Tulifurahi: hatutagharimika kwa usafiri! Baada ya Isha tulitoka kwa miguu, tukampigia simu, akatuelekeza kwa upole kulia na kushoto, nasi tukazunguka karibu saa nzima tukitafuta msikiti usiokuwapo na duka la dawa lisilojulikana na mtu. Mwishowe akasema, "Mkifika stesheni ya treni ya Haramain mmekwisha pita." Tukasimama. Treni ya Haramain haifiki Riyadh. Alikuwa Sulimaniyah ya Jeddah, na baina yetu zilikuwamo kilomita 950. Tukaombana radhi, na kwa kuwa kicheko hupunguza bei, akatupunguzia.

Asubuhi yake mpwa wetu alikwenda kwa niaba yetu, mwendo wa dakika kumi kutoka kwake. Tulimpa kazi moja tu. Alishika simu kwa mkono mmoja ili tuone, na kwa mkono mwingine akazima umeme. Sote tulikuwa tumeinamia simu, pamoja na binti yetu. Maji ya chini yalianza kupanda. Yakapanda kidole, vidole viwili, vitatu, vinne, yakasimama. Juu ya hapo palibaki nafasi ya shubiri nzima. Bomba la kushukia yalikuwapo mawili, moja la kazi na jingine la akiba, ili moja likizibwa na mwani jingine lichukue. Kasoro ilikuwa moja, lilikuwa na kelele ya kugugumia kama koo la ngamia, nayo iliondoka baadaye kwa kiwiko cha bomba chenye tundu dogo la hewa juu yake, kitu cha riyali chache. Binti akasema, "Mwambie awashe tena." Akawasha, maji yakashuka mahali pake. "Azime tena." Mpwa wetu alizima na kuwasha mara tatu, Mwenyezi Mungu amlipe kwa subira yake.

Tulilipa riyali 3,200 pamoja na kabati, na usafiri mbali. Fedha hizo zilikuwa sehemu ya nauli ya mwaka ule, na kwa sababu hiyo mwaka 2023 hatukusafiri. Tunalisema hilo ili asiwepo msomaji atakayedhani jambo hili ni la bure. Tangi lilivuka jangwa ndani ya mablanketi. Mwenye nyumba alitaka kujua uzito, naye alikuwa na haki: lita 300 juu, 70 chini, vioo na mawe, jumla yapita nusu tani, nasi tuko ghorofa ya tatu. Fundi wa jengo ndiye aliyetuchagulia ukuta. Chumvi ilikuwa kilo 13 kwa kujaza mara ya kwanza, gramu 35 kwa kila lita, kadiri ya chumvi ya bahari yetu ya Hindi. Bahari ya Shamu ni kali zaidi, hukaribia 40. Maji ya mfereji hayatiwi hivi hivi, hupitishwa kwanza katika mtambo wa kusafishia, na mtambo huo hutupa karibu lita tatu kwa kila moja iliyo safi. Hapo palizuka mgogoro wa israfu, na haukuisha mpaka yale yanayotupwa yakaelekezwa ndooni. Sasa hupigia deki na kunyweshea vitunguu vya juu ya paa.

Wiki sita tangi lilikaa na mawe na maji tu, bila ya samaki hata mmoja. Ndani ya mawe huota vijidudu ambao hugeuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, na bila ya hao samaki hufa katika mkojo wake mwenyewe. Binti yetu alipima kila siku na kuandika katika lile daftari la Babu, chini ya majina ya samaki.

Siku ya kununua, muuzaji alitoa mfuko ulioandikwa Kenya. Ndani yake alikuwamo kangaja mchanga wa buluu, huenda amevuliwa kwenye maji yale yale tuliyojifunzia kuogelea. Pwani yetu ya kusini hupeleka samaki wa namna hiyo nje kwa miaka mingi. Tulimtazama kwa muda. Amepanda ndege, amepata kafili, na sasa angoja makazi. Mmoja wetu alikuwa amekwisha kutoa pochi. Binti akasema kangaja hukua na hupenda kwenda mbali, na akachagua wawili wadogo wa rangi ya chungwa, waliozaliwa ndani ya tangi kama yeye alivyozaliwa Riyadh. Tulirudi kimya kidogo garini.

Kiangazi cha 2024 tulisafiri. Tulinunua pampu ndogo ya hewa yenye betri, ambayo huamka yenyewe umeme ukizimika, na ndugu yetu wa Lamu akakubali tena kuchukua ufunguo, jambo ambalo hatutalisahau. Huko Wasini binti yetu hakutuuliza sisi habari za samaki hata jioni moja. Alimpigia yeye mwenyewe, akataka mambo matatu: joto la maji, kimo cha ngama, na idadi ya samaki. Sisi tulikaa barazani tukisikiliza upande mmoja wa mazungumzo.

Siku ya kumi na moja alikuja mbele yetu na simu mkononi. Akasema, "Joto ni 26. Samaki ni mmoja. Nimeona niwaambie."

Hatukupata la kumjibu upesi. Babu, aliyekuwa akishona wavu, aliuliza bila ya kuinua uso, "Wametazama ngamani?"

Ndugu yetu alifungua kabati tukimsikia. Alikuwamo, amepenya kati ya meno ya kisanduku na kushuka na bomba, akizunguka ndani ya ile soksi ya kuchujia, mzima. Tuliporudi tuliyafunga meno yale kwa wavu.